Kikombe cha Mama Mkwe

Ukoo wa mume wangu ni wafugaji wa Igunga. Kwao, mtoto akifika miaka sita huketishwa pamoja na watu wazima asubuhi, kila mtu na kikombe chake cha maziwa freshi. Wanasema damu yao haishindwi na maziwa. Mimi nimezaliwa na wakulima wa Kaliua, na maziwa hayo yananivuruga tumbo tangu utotoni.

Mwezi uliopita ilikuwa zamu ya binti yetu. Alikunywa akicheka. Jua lilipopanda kidogo, tumbo lake lilikuwa limejaa gesi, naye akilia chooni. Mashangazi wakaacha kuniangalia. Mume wangu akainamisha kichwa.

"Huyu mtoto ni wa nani?" mama mkwe akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa.

Nafundisha baiolojia, na hasira ilikuwa imenipanda. Nilimwambia kimeng'enya cha kumeng'enya sukari ya maziwa hutegemea vinasaba. Baba anaweza kunywa vizuri, na bado akamrithisha mtoto kinasaba dhaifu alichopewa na mzazi wake mmoja.

"Mzazi yupi?" akafoka. "Hapa sote tunakunywa!"

Ndipo nikakumbuka kwamba miaka tisa ya ndoa nimemwona akinywa mtindi tu, ambao sukari yake hupungua ukiganda. Nikatazama kikombe chake. Kilikuwa kimejaa pomoni, na maziwa yameshafanya utando.

Aliona ninapotazama. Akakifunika taratibu kwa upindo wa kanga yake, kisha akamgeukia mwanawe.

"Hawa wawili warudi kwao leo."