Ubeti Wake wa Mwisho

Mume wangu alikuwa na roho nyeupe, lakini kwa nyimbo zake alikuwa mchoyo. Aliendesha kundi la maigizo katika ukumbi wa mtaa wetu, Mbotela. Alitunga mashairi na kuyaimba kwa litungu, kinanda cha nyuzi cha kwao magharibi. Wimbo mpya aliugawa. Kila mwigizaji alifundishwa ubeti wake kando, na hakuna aliyeusikia mzima hadi siku ya onyesho. Alitaka washtuke pamoja na watazamaji. Ubeti wa mwisho ulikuwa wake. Mimi, mkewe, nilipewa kiitikio tu, cha kumalizia wimbo: "Mlango sijaufunga." Nikanung'unika, akacheka.

"Wewe tutakuwa pamoja kila siku. Ubeti wa nini?"

Alifariki onyesho likiwa limekaribia. Presha ilimpiga akipanga viti ukumbini.

Nilitaka kitu kimoja, wimbo ule uimbwe mzima kabla hatujamsafirisha kwenda kuzikwa. Nilishikilia kwamba ubeti wake alimwachia mtu. Nikaenda Kariobangi kwa kijana wa kuchomelea vyuma aliyeigiza naye. Akavua miwani ya kazi.

"Mathe, mimi niko na wangu tu. Huo wa mwisho labda mzee aliachia yule mama anayekaa mtaa wa Baba Dogo."

Huyo mama nilimjua, naye alikuwa wa kundi. Alifanya kazi kiwandani, na sauti yake ilimtoa mume wangu machozi. Nilimwonea wivu miaka na mikaka. Sasa nilipanda ngazi zake nikiomba awe nao, hata kama ningeumia. Alinikumbatia mlangoni.

"Asante kwa kuja, dada. Nilikuwa nakungoja unifundishe ule wa mwisho. Nilijua alikuachia wewe."

Hapo ndipo nilipolia. Tangu afe nilikuwa nikipokea wageni na kupika chai, sijalia sawasawa. Tulilia pamoja, yeye na mimi, viatu vyangu vikiwa bado miguuni.

Jioni ya matanga waigizaji waliimba ukumbini, mmoja baada ya mwingine, yule kijana akipiga litungu. Ndipo nilipojua wimbo unahusu nini: mtu aliyechelewa kurudi nyumbani, na kila ubeti ni jirani anayesema alimwona wapi. Walipofika kwenye ubeti wa mume wangu, wote wakanyamaza. Kijana hakuacha kupiga. Alipiga urefu wa ubeti mzima bila sauti ya mtu, kisha akanitazama, kwa kuwa sasa ilikuwa zamu yangu.

"Mlango sijaufunga," nikaitikia.