Cassian wa Mteremkoni na Mtumbwi wa Baba Yake

Alizaliwa mwaka 1918 huko Chonyonyo, katika nchi ya Karagwe, akabatizwa Cassian; jina lake la nyumbani lilikuwa Rwegoshora. Kanisa bado halijatamka neno juu yake, nasi tunaomwita mtakatifu tunasema kwa midomo yetu wenyewe, tukisubiri. Baba yake, Byabato, alikuwa na kibanja kizuri cha migomba na kahawa, na alikuwa na mtumbwi. Msomaji wa mbali asidhani ni mtumbwi wa majini. Ni gogo refu lililochongwa ndani, ambamo wanaume hukanyaga ndizi mbivu kwa miguu ili kupata maji ya kutengenezea rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mtumbwi ule ulichongwa na babu, na kwa desturi ungerithiwa na Cassian, mtoto wa kwanza wa kiume. Hapakufanyika arusi wala msiba pale kijijini bila mtumbwi wa Byabato, na mwenyewe aliuonea fahari kuliko ng'ombe wake.

Mwaka 1924 mama yake Cassian alifariki akimzaa Renatha, dada yake. Mtoto alikua vizuri, akakimbia migombani kama wenzake, mpaka homa ilipomwangusha akiwa na miaka mitano. Homa ilipoondoka iliacha miguu miwili iliyokufa. Tangu hapo Renatha akakaa nyuma ya nyumba. Tusijidanganye, ndugu wapendwa, kwamba alifichwa na watu wabaya. Alifichwa na Wakristo waliosali rozari kila jioni, waliomlisha na kumvika, na wageni walipokuja wakamwomba anyamaze. Alitambaa kwenye matope ya uani kwa mikono na magoti, na magoti yake hayakupata kupona.

Cassian ndiye aliyemfundisha katekisimu. Padri wa misheni alipita mara chache sana, na Misa ilisomwa katika kigango kilichokuwa ng'ambo ya bonde, chini ya mteremko mkali wa kuelekea Igurwa. Renatha alikuwa na haja moja tu duniani: kupokea Komunyo ya kwanza kanisani, kati ya watu, wakimwona. Kaka yake alipendekeza vijana wambebe kwa machela. Renatha akakataa katakata.

"Machela ni ya mgonjwa na ya maiti," alisema. "Mimi si mgonjwa, kaka. Nataka kwenda."

Maneno hayo yakawa wito wa Cassian. Mwanzoni mwa mwaka 1938, baba yake alipokuwa safarini kupeleka kahawa Bukoba, alichukua msumeno akaukata mtumbwi katikati. Kutokana na nusu moja alitengeneza kiti cha chini chenye magurudumu manne ya mti, ambacho aliyekikalia angeweza kukisukuma mwenyewe kwa vijiti viwili vya mkononi. Hakuwahi kuona kitu cha namna hiyo. Alichagua mti ule kwa sababu ambayo kila mtu wa Karagwe ataielewa: kwetu mti wa mtumbwi ndio mti wa kuaminiwa, kwa kuwa haupasuki wala hauvuji. Hakuna aliyemkumbusha kwamba gogo la mtumbwi huchaguliwa kwa ulaini wake ili lichongeke, na kwamba lile lilikuwa limelowa maji ya ndizi tangu siku za babu.

Byabato aliporudi hakupiga kelele. Alikiburuta kipande kilichobaki hadi ghalani, akafunga mlango, na tangu siku hiyo hakusema na mwanawe.

Jumapili ya Matawi Renatha alitoka kwa mlango wa mbele. Wanaosimulia wanasema alicheka njia nzima, akisalimia kila mtu shikamoo hata watoto wadogo kuliko yeye. Katikati ya mteremko mti wa magurudumu ya mbele ulikatika, kiti kikapinduka, naye akatupwa juu ya mawe. Cassian alimpakata kando ya njia. Binti alimwuliza wamefika wapi, naye akamjibu kwamba kanisa linaonekana. Halikuonekana. Renatha akafa kabla Misa haijaanza, na uongo ule Cassian aliuungama kila Kwaresima hadi mwisho wake.

Alirudishwa nyumbani kwa machela.

Yaliyofuata ni aibu yetu. Watu walisema Mungu amemwadhibu aliyemwinua mtu pale alipomkalisha Yeye. Katekista wa kigango alilisema hilo mbele ya waumini, na hakuna aliyesimama kumpinga. Cassian aliutupa msumeno chooni. Kwa muda mrefu alilima tu, alisali tu, na alikula peke yake kwa kuwa baba yake aliinuka kila alipoketi. Angekufa hivyo, mtu wa huzuni asiyejulikana, kama asingefika Celestina.

Huyu alikuwa mjane wa Kihanga, kiwete tangu utotoni. Mwaka 1941 alitambaa kutoka kwao hadi Chonyonyo, amejifunga vipande vya ngozi ya ng'ombe viganjani na magotini, akilala kwa watu njiani. Cassian alipomwona uani alijua alichofuata, akamsihi arudi, akamweleza yote yaliyompata dada yake. Celestina alimsikiliza hadi mwisho.

"Renatha alikufa akienda, Ta Cassian," akamwambia, akitanguliza neno letu la heshima kwa mwanamume. "Mimi nitakufa nimekaa. Nitengenezee."

Akamtengenezea, lakini safari hii kwa mti mgumu wa mlimani uliomchubua mikono, na kwa breki ya kamba ya katani. Kisha akafanya jambo lililowashtua watu. Alijifunga miguu kwa kamba ili isimsaidie, akaketi juu ya kiti, akateremka mteremko ule ule, akapita penye mawe yale, peke yake. Aliporudi salama ndipo alipompa Celestina. Ikawa kanuni yake. Viti vya wengine waliokuja baadaye, magongo, na majembe ya mikanda aliyowafungia wenye ukoma wasio na vidole, hakuna alichompa mtu kabla hajakitumia mwenyewe akiwa amefungwa kama huyo mtu alivyofungwa na maradhi. Alianguka mara nyingi. Jino moja alilipoteza kwa ajili ya mzee wa Igurwa, wala hakumwambia.

Mvua za vuli za mwaka 1953 ziliukuta mteremko umekwisha kuliwa na maji. Cassian alikuwa akijaribu kiti cha mtoto, naye akapinduka akavunjika nyonga. Hakuinuka tena. Alikaa uani, mahali pa Renatha, na waliomtembelea walimkuta akilia, si kwa maumivu, bali kwa kuwa sasa alijua siku ilivyo ndefu pale nyuma. Celestina alikuja kwa kiti chake kumwuguza. Siku ya kufa, Februari 1954, Cassian alimwuliza kama baba yake yuko karibu. Celestina alitazama mlangoni, hakuona mtu, na hakutaka kumdanganya. Akamwambia hapana.

Walipotafuta mbao za sanduku, Byabato alifungua ghala. Mzee yule alitoka akiburuta nusu ya mtumbwi, akakataa kusaidiwa, akaifikisha mbele ya maiti.

"Mlazeni humu," alisema. "Ni urithi wake."

Mwili ulipoteremshwa kwenda kigangoni, viwete walitangulia kwa viti vyao, hakuna aliyesukumwa. Inasimuliwa kwamba penye mawe yale wabebaji hawakusikia uzito wowote. Sisi hatukuwapo, tunaandika tulivyoambiwa. Tunachokijua ni kwamba Byabato alitembea nyuma kabisa, na wote waliokuwa karibu walimsikia akizungumza na mwanawe njia nzima, kwa sauti ya kawaida, kama watu wawili wanaotoka shambani.

Nasi tunaotaka kumfuata tusikimbilie mambo makubwa. Kabla ya kumpa aliye dhaifu kitu chochote, tukikalie kwanza sisi. Na kama kuna mtu ndani ya nyumba tunayemnyima neno letu, tumwambie leo, angali anasikia.