Namba Ishirini na Mbili

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka viganja vyangu hutoa jasho hadi leo. Nakuita mwanangu, wewe fundi mgeni hapa gereji, ingawa nimekuzidi miaka michache tu, kwa sababu ndivyo fundi Ekai alivyokuwa akiniita, na haya nisingeweza kukuambia kwa jina jingine.

Nilikuwa nimerudi Kakuma na shahada ya uhandisi, nikifanya kazi kwenye gereji ya Ekai. Kila alichosema nilikiulizia sababu. Mzee hakukasirika, ila wakati mwingine aliondoka kwenda kunywa chai.

Alikuwa huko kwenye chai asubuhi ambayo Abdi, dereva wa teksi, alileta Corolla yake ya zamani. Kwenye kiti cha nyuma alikaa mkewe, Halima. Kesho yake alitakiwa kujifungua kwa upasuaji hospitalini Lodwar, na daktari alikuwa amemwonya asingoje uchungu uanze. Gari lilikuwa linakohoa na kuzima njiani.

Magari ya umri ule hayasomwi kwa mashine hizi zako za simu. Unafungua kiboksi kidogo chini ya boneti, unaunganisha matundu mawili kwa kipande cha waya, unawasha swichi, kisha unahesabu taa ya injini inavyopepesa. Mara mbili, kimya, mara mbili.

"Fundi, sikiza kwanza," Abdi akasema. "Jana nikitoka Kalokol..."

Niliinua mkono. "Ngoja, mzee. Utanipotezea hesabu."

 Sikumwuliza tena alichotaka kusema. Ishirini na mbili maana yake sensa, kile kifaa kinachopima joto la maji ya injini, basi nikabadilisha sensa. Gari likawaka vizuri, nikawaaga kwa madaha.

Ekai aliporudi nilimweleza. Akaweka funguo zake chini.

"Hiyo sensa niliweka mimi mwenyewe kabla ya mvua. Ulifuta kumbukumbu ya kompyuta kwanza?"

"Kwani wewe hukufuta?"

"Nilisahau," akasema. "Kwa hivyo umesoma ugonjwa wa zamani."

Kabla sijajibu, simu ikalia. Ni Abdi. Gari limezima karibu nusu ya njia, magari hayapiti, na Halima ameanza kushikwa na uchungu. Kisha mtandao ukakatika.

Tulichukua pikipiki. Ekai alitia mfukoni filta, kichujio cha petroli, nami huku nyuma yake nikapiga kelele kwamba filta haihusiani na namba ile.  Nilipiga simu ya Abdi mara ngapi sijui. Kila jiwe jeusi lililotokea mbele nilidhani ni gari lao, na kila mara lilikuwa jiwe tu.

Tuliwakuta wamefungua milango yote, joto limetulia juu ya lami. Halima alikuwa ameushika mkanda wa kiti kwa mikono miwili. Akanitazama.

"Fundi, hiyo taa yako ilisema nini juu yangu?"

Ekai hakugusa boneti. Alimwamkia Abdi, kisha akamwuliza, "Mafuta ulijaza wapi?"

"Hilo ndilo nilitaka kumwambia kijana wako. Jana yaliniishia nikitoka Kalokol, nikanunua ya jerikeni kando ya barabara. Tangu hapo linakohoa. Likipumzika linawaka, likipanda mwinuko linakufa."

Filta tuliyoitoa ilimwaga uji wa kahawia. Kompyuta ile haina namba ya uchafu wa petroli. Niliifunga mpya, na mara mbili spana ikaniponyoka mchangani. Gari likawaka, nao walipoondoka sikuaga mtu.

Tulirudi gereji tukangoja. Ekai alinipa chai, sikuweza kuinywa. Abdi alipiga jioni: Halima ametoka upasuaji salama, mtoto ni wa kike na analia. Nilikaa chini palepale penye mafuta machafu.

"Wewe unabishana na kila mtu, mwanangu," Ekai akasema. "Leo taa peke yake hukuibishia."

Hilo ndilo ninalokuachia. Sikukatazi kuuliza; hata Ekai alikosea siku ile, naye alikiri. Lakini ukipata namba, iulize nayo ilitoka lini. Toa fyuzi ya kompyuta, futa ya zamani, endesha gari, kisha hesabu upya. Namba inakuonyesha pa kuanzia kutafuta, haikuhukumii kifaa kipi kimeharibika. Na kabla hujashika waya, zima swichi, mgeukie dereva, umwache amalize sentensi yake. Yeye ndiye aliyekuwa ndani ya gari lilipozima.

Mungu akupe masikio mapana kuliko shahada yako, na kila atakayetoka mikononi mwako akielekea Lodwar afike.