Pishi ya Mlachumvi

Jiko la bibi yangu lilinuka moshi na makapi ya mpunga. Juu ya mafiga, kwenye dari la fito, mashuke ya mbegu yalining'inia mwaka mzima yakifukizwa kwa kuni za mkandaa ili fukusi wasiyaguse, na sisi watoto tulikwenda na harufu hiyo mpaka shuleni. Bibi, mama mzaa mama, aliitwa Bi Mwanahawa. Mwembamba, mkali, asiyevumilia mtu kukanyaga hata punje. Mpunga wake tuliuita mlachumvi. Huku Mbwera, kisiwa cha mdomoni mwa mto, bahari hupanda mtoni, na mpunga mwingine ukinywa maji yale hunyauka kabla haujachanua. Mlachumvi haukujali. Bibi aliurithi kwa mama yake, naye kwa mama yake, na kila mavuno walichagua mbegu kwenye mashuke yaliyosimama pale chumvi ilipouma zaidi.

Mbegu kwetu haikuuzwa. Mwenye shida alipewa pishi moja, yaani vibaba vinne, na akivuna aliirudisha pamoja na sahani ya wali wa mpunga huo huo, ili mwenye mbegu aonje kama imetunzwa. Aliyerudisha bila sahani alihesabiwa amerudisha nusu, na wanawake hawakuchoka kumkumbusha.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Mitumba ilifika hadi visiwani, na wanunuzi wa kamba walikuja na barafu zao. Kwa hiyo hatukushangaa bwana shamba Elisha, kijana mpole wa bara aliyefanya kazi Kibiti, alipokuja kwa boti ya mashine na mtafiti wa Kizungu. Walikaa siku tatu. Bibi aliwapikia, akawapeleka shambani, akawafundisha kuonja maji ya mfereji alfajiri kabla ya kupandikiza: yakikuuma ncha ya ulimi, subiri, yakikuuma kooni, rudi nyumbani. Mtafiti aliandika mpaka daftari likajaa. Siku ya kuondoka Bibi alimpimia pishi ya mbegu iliyo bora.

"Ukivuna urudishe, mwanangu," alisema, "na sahani yangu usiisahau."

Elisha alitafsiri. Mgeni akaweka mkono kifuani, akaahidi. Mgeni njoo mwenyeji apone, tukasema. Bibi hakuwaza kabisa kwamba mtu anaweza kubeba mbegu bila nia ya kurudi. Hilo lilikuwa kosa lake, na sitaki mtu yeyote alicheke.

Masika iliyofuata mafuriko yalibeba jiko, dari na mashuke yote. Majirani walikuwa wameshahamia mbegu za dukani. Walizipanda, bahari ikapanda, zikafa. Mwaka ule tulikula mihogo hadi tukaichukia. Bibi hakulia. Alisema mbegu yetu ipo, ipo kwa mgeni, na sasa tunakwenda kuidai. Alinichukua mimi kwa sababu nilikuwa darasa la tano na nilijua kusoma. Tulivuka kwa boti hadi Nyamisati, tukapanda lori la nazi hadi Kibiti.

Elisha alimpa Bibi shikamoo, akatupa viti, kisha uso ukamshuka. Mbegu ilikuwa imepelekwa ng'ambo, kwenye ghala lao, na kuiomba kulihitaji taasisi inayotambulika. Alifungua jalada mwenyewe, akanipa nakala ya Kiswahili. Nikasoma kwa sauti ya darasani. Mahali: Mbwera. Jinsi ya kuonja maji: yote, neno kwa neno la Bibi. Aliyeigundua: jina la mgeni. Mwenye mbegu: hakuna.

"Soma tena," Bibi akasema.

Nikasoma tena. Niliona aibu utadhani mimi ndiye niliyeandika.

"Mwanangu Elisha, siku zile ulikula wali kwa nani?"

"Kwako, bibi."

"Basi liandike hilo."

Elisha alisema wazi kwamba anaogopa kupoteza kazi. Bibi akamwambia anaelewa, akaendelea kukaa. Alasiri alitandika kanga ukumbini akaswali, akarudi kwenye kiti kile kile. Kabla ofisi haijafungwa Elisha aliwaandikia wenye ghala barua kwamba mbegu ni ya Bibi na irudishwe, akasaini, akagonga muhuri, na Bibi akachovya dole gumba kwenye wino. Nakala aliifunga kwenye pindo la kanga.

Jibu halikuja. Aliyetuokoa ni Bi Tatu wa Salale, aliyekuwa ameazima mlachumvi misimu miwili nyuma. Aliposikia yaliyotupata alikuja kwa mtumbwi, na pishi yake na sahani yake. Wema hauozi. Bibi alionja, akasema tui limezidi, kisha akaenda kuandaa kitalu. Wiki ile ile akawakusanya wanawake wenzake: kuanzia sasa hakuna anayempa mgeni mbegu peke yake. Tunakaa wote, inaandikwa ni ya nani, inakwenda wapi, itarudisha nini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, aliwaambia, na ukuta wenyewe tumeshaujenga.

Bibi ameshatangulia, nami ni mwalimu kisiwani hapa hapa. Siku hizi kuna semina kuhusu mgawanyo wa haki wa faida ya mbegu, na wageni huja na fomu. Mwaka jana walikuja vijana wawili wa chuo wakitaka mlachumvi, maana chumvi sasa inapanda kwenye mashamba ya watu wengi. Walikuwa na adabu, ila walitaka mbegu alasiri ile ile kwa kuwa boti inawasubiri. Tukawaambia boti iende. Waliporudi na mkataba wa Kiswahili tuliusoma kwa sauti, tukafuta mistari miwili, tukaongeza majina yetu, na sharti kwamba mbegu yoyote itakayozaliwa na hii itarudi kwetu bure. Ndipo tukapima.

Ile pishi ya kwanza haijarudi. Barua ya Bibi ninayo, na kila mwaka naiandika upya na kuituma. Ya safari hii imebeba majina ya wanawake wote wa kisiwa. Huenda mtafiti aliyeichukua pishi ile naye amekwishakufa. Lakini ghala lipo, na sisi tupo.