Mbuzi Aliyekula Mche wa Fatuma

Mpaka leo nikinusa tope lililochanganyika na mavi ya mbuzi mimi huona raha, na wenzangu wa ofisini hapa Garissa wakinisikia wanacheka hadi machozi. Wacheke tu. Hiyo ndiyo harufu ya silanga letu kule Bura, dimbwi kubwa lililochimbwa kukinga maji ya mvua, na nilipokuwa na miaka tisa nusura litumalize. Miti ya kandokando ilikuwa imekatwa yote kuchoma makaa, mvua ikaporomosha udongo ndani, na maji yaliyokuwa yakitosha vijiji viwili hayakutosha hata kimoja. Watu wa kijiji cha ng'ambo ya silanga wakasema ni sisi tuliokata. Sisi tukasema ni wao. Tulikata sote, lakini nani angekubali? Zikapigwa fimbo, na kaka yangu Abdi akarudi nyumbani kichwa kimepasuliwa na kijana wa ng'ambo, kaka yake Fatuma, msichana wa rika langu.

Aliyetutoa huko ni habaryar Halima, mdogo wake mama, muuza maziwa mwenye sauti ya kuamsha kijiji kizima. Wazee walipokuwa bado wanabishana nani aanze kuomba radhi, yeye na wanawake wa ng'ambo walikuwa wameshakubaliana. Migunga ipandwe upya kuzunguka silanga, kila mtoto apewe mche, lakini mche wako aulinde mtoto wa ng'ambo, na wewe ulinde wake. Na mnyama atakayekula mche atakuwa mali ya mwenye mche. "Hakuna kesi, hakuna vikao," habaryar alisema. Mimi nikaangukiwa na mche wa Fatuma! Nilinuna siku mbili, kisha nikauzungushia miiba na kuumwagilia kila asubuhi, ili aone kwamba watu wetu si wazembe.

Sasa, nilikuwa na mbuzi wangu, Adey, mweupe pe, niliyemlea kwa chupa tangu mama yake afe. Kila niendako, yuko nyuma. Asubuhi moja niliondoa miiba nimwagilie, nikamwona Fatuma upande wa pili akiumwagilia mche wangu, nikasimama kuchungulia kama anaupunja maji. Nilipogeuka, Adey alikuwa anatafuna jani la mwisho. Abdi aliposikia kilio changu akaninong'oneza niseme ni ngamia wa ng'ambo aliyepita. Nilitamani, wallahi nilitamani. Lakini nilijua nikilitoa neno hilo tu, fimbo zitashikwa tena, na safari hii huenda Abdi mwenyewe asirudi. Nikamtia Adey kamba, nikaenda naye hadi kwa kina Fatuma, kamasi zikinichuruzika, nikasema, "Ameula. Ni wenu."

Mama yake Fatuma alinitazama, akamtazama mbuzi, akapokea kamba. Nilidhani atanihurumia anirudishie. Wapi! "Asante, abaayo," akasema, kama vile mimi ni dada yake, "sasa keti unywe chai." Idd ilipofika Adey alichinjwa, na paja likaletwa kwetu na Fatuma mwenyewe, limefunikwa kitambaa. Mimi sikuonja. Abdi alikula fungu lake na langu, akalamba vidole, halafu akaenda ng'ambo kutoa shukrani, akapeana mkono na yule aliyempasua.

Siku hizi mjini amani ina semina yake na mazingira yana semina yake, kumbi mbalimbali, na mimi hualikwa kote kuwili nikala sambusa za kote kuwili. Sisemi ni vibaya. Ila nikienda Bura namkuta Fatuma amekaa kivulini kando ya silanga, wanawe na wanangu wakigombania mpira mpaka wanararuana mashati, na hakuna mtu mzima anayeinua hata kichwa. Moyo wangu hufurahi mno. Wanangu huniuliza kama Adey nilimpenda kweli, au nilimtoa tu kwa kuwa alikuwa mbuzi. Nilimpenda kuliko mjomba wenu Abdi, nawaambia, na ningempeleka tena kesho.