Nguvu za Célestin

Nyiramahirwe alifika Goma mwaka 2008 akikimbia risasi za mji wa Kiwanja, akaolewa hapa mtaani Murara na jirani yangu Célestin, mpasua mawe. Alikimbia vita, akaolewa navyo. Mchana Célestin alipasua mawe ya volkano, jioni alimgeukia mkewe. Volkano ilipolipuka mwaka 2021 tulikimbilia Sake pamoja, na njiani, watu wakitazama, Célestin alimpiga mkewe kwa kusahau sufuria.

Kisha saratani ya uboho ikamwangusha, ile inayotafuna mifupa kutoka ndani. Mbabe wa mawe akashindwa kuinua kikombe. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Nsimire, mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini, alimweleza Nyiramahirwe kwamba kulala tu kungemmaliza mgonjwa. Atembezwe, avute kipande cha mpira wa tairi, ila asiinue kizito wala asipige kitu kwa nguvu, maana mifupa imeliwa. Nyiramahirwe alifuata yote. Kila asubuhi alimshika kiuno wakazunguka ua. Aliniambia waziwazi kwamba akimwacha alale atakufa, na akimpa nguvu atampiga. Nikamkumbusha kwamba shukrani ya punda ni mateke. Akacheka, akaenda kumtembeza.

Januari 2025 waasi wakaingia mjini. Mabomba yalikauka, maiti zikalala barabarani, mabati yetu yakatobolewa na risasi. Célestin, sasa amesimama wima, akamwamuru mkewe aende ziwani kuchota maji. Mke akakataa. Kupitia ukuta wa mbao nilimsikia akisema kwa sauti ya chini:

"Piga basi. Ule mukono ni miye niliufanyisha mazoezi. Hauwezi kubeba kasirani yako."

Akapiga. Mdomo wa mke ukapasuka, na mfupa wa Célestin ukavunjika juu ya kiwiko. Alipiga ukelele uliozidi bunduki za nje. Nilipoingia, Nyiramahirwe alikuwa akitema damu huku anaufunga ule mkono kifuani kwa kitenge, jinsi alivyofundishwa hospitalini.

Risasi zilipotulia tulimpeleka hospitalini. Célestin akadai ameanguka. Siku mfupa ulipoanza kushika, Nsimire alieleza mazoezi mapya, ya vidole kwanza, akamwomba Nyiramahirwe asogee amshike mgonjwa.

Hakusogea.

"Mama Nsimire, mutafute mwengine wa kumushika," akasema. "Miye nilimurudishia nguvu, na mutu wa kwanza kupigwa nayo ni miye."

Célestin akaanza kulia, akimwita. Nyiramahirwe alikuwa ameshafika barabarani.