Pole ya Koko kwa Wenye Nchi

Wiki iliyopita tumeletewa vitabu vipya vya historia hapa Louisville, Marekani, ninakofundisha darasa la nane. Vinanuka gundi bado. Nilikifungua kimoja kwa pupa, ndugu yangu, nikaruka marais, nikaruka vita, nikaenda moja kwa moja kwenye ile ramani. Ipo! Bado wanaichora vilevile: Ohio ya kijani, mishale myekundu inatoka pale kuelekea magharibi, na chini yake mistari miwili kwamba wenyeji wa kwanza walihamishwa. Ukifunua ukurasa unakuta habari za reli. Nilisimama na kitabu mkononi, na puani ikanijia harufu ya maziwa yanayochemka mpaka yanataka kumwagika. Nikajua ni Koko.

Koko ndivyo tulivyomwita bibi nyumbani kwetu. Huyu wangu alikuwa mama wa baba, mzaliwa wa nyanda za juu za Kivu Kusini, mtu wa ng'ombe tangu tumboni. Tulikuwa tunaishi Whitehall, mashariki mwa Columbus, hukohuko Ohio, ghorofa ya pili. Baba alipanga maboksi ghalani, mama alitunza wazee wa watu, nami na Koko tulibaki kulinda nyumba. Jumamosi tulipanda mabasi mawili mpaka Morse Road kununua sombe, majani yetu ya muhogo, na ndagala, wale dagaa wa ziwani. Maziwa ya dukani Koko aliyadharau kweli. Aliyachemsha mara mbili, akayaonja, akatikisa kichwa. "Haya maziwa hayajui mama yao," alisema, kisha akanywa kikombe kizima.

Nikirudi kutoka masomo, mikono yangu ilikuwa na kazi ya kuchambua maharage na mdomo ulikuwa na kazi yake. "Leo balikufundisha nini?" aliniuliza Koko kwa Kiswahili chake cha Kongo. Alitaka historia tu. Hesabu hazikumhusu. Kwake historia ya Marekani ilikuwa habari za majirani, na wote waliomo walistahili kuulizwa hali. Nilipomwambia kwamba hapo kale watu walikasirishwa na kodi wakamwaga chai baharini, alishika kichwa. "Chai yote? Na hakuna mama hata moja alisema muache?" Nilipomwambia ndugu kwa ndugu walipigana, kaskazini na kusini, hakuuliza nani alishinda. Aliuliza nani aliwapatanisha, na hilo kitabu hakikusema.

Basi siku moja mwalimu wangu wa darasa la tano, mama mrefu mwenye miwani ya mnyororo, alitundika ile ramani ukutani. Alikuwa mtu mwema, simlaumu. Alifuata mishale kwa rula, akatuambia walioimiliki Ohio walifukuzwa, wengi wakafa njiani, kengele ikalia, tukaenda kula. Jioni nikamsimulia Koko kama nilivyozoea, huku nikitupa vijiwe vya maharage kwenye kisahani.

Mikono yake ikasimama. "Balibafukuza? Bote?"

"Wote, Koko."

"Na hii nyumba yetu iko ku udongo yao?"

"Ndiyo."

"Yesu wangu! Miaka mibili tunalala kwa batu ya kilio, na hatujabaambia pole!"

Wewe unajua jinsi tulivyo. Kwetu, ukiingia kwa mtu aliyefiwa, unavua viatu, unaketi chini, unasema pole, ndipo unapokea hata maji. Usipofanya hivyo watauliza nani alikulea. Nikamwambia Koko mambo hayo ni ya zamani sana. "Pole haiozaka," akanijibu. "Kesho uulize mwalimu wako: bafiwa bako wapi? Batoto yao, bajukuu yao. Nitabapelekea maziwa."

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo nilikuwa nimesimama wima mkuu wa shule alipoingia, kama tulivyofundishwa kule kwenye kambi ya wakimbizi, na darasa zima likaangua kicheko. Tangu siku ile niliapa sitanyanyuka tena, wala mkono sitaunyoosha. Kesho yake mwalimu aliuliza kama kuna swali, akaniangalia mimi hasa, kwa upole. Niliangalia viatu vyangu. Nilisema moyoni nitauliza baada ya chakula, kisha nitauliza kabla ya basi, kisha basi likaja.

Koko alikuwa ananingoja mlangoni. "Alisema bako wapi?"

"Mwalimu amesema walikwisha, Koko. Hakuna aliyebaki."

Uongo ule ulitoka mwepesi kabisa, hata mimi ulinishangaza. Nilidhani atasema bon, basi, turudi kwenye maharage. Thubutu! Alivua viatu, akatandika kitenge chake kwenye kapeti, akaketi chini akiegemea ukuta. Alikaa pale siku tatu. Chai aliinywa bila maziwa.

Mama aliporudi kazini alibaki na funguo mkononi. "Nani amekufa?"

"Benye inchi," alisema Koko.

Habari ilishuka ngazi kabla ya mama kuvua koti. Kwamba pale juu kuna kilio. Siku ya pili wakaja akina mama wote wa majengo yale, na sufuria za wali, maharage, kreti za soda, na mchungaji naye akaja moja kwa moja kutoka kiwandani na vumbi lake. Wakaimba. Kila aliyeinama kuuliza ni nani aliyefariki alipewa jibu lilelile, na ajabu ni kwamba hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa Fizi, kulekule Kivu, alisema, "Donc, kumbe hata hapa batu balikimbizwa?" akajifunika uso kwa leso, akalia kweli kweli. Mimi nilipewa sahani ya wali wa kilio, nikaila yote mpaka punje ya mwisho.

Siku ya tatu, walipokwisha kuondoka, Koko alikunja kitenge polepole. "Kama angebaki hata moja tu," alisema, "ningemupelekea maziwa." Nilikuwa naosha vikombe. Ningeweza kusema pale pale. Sikusema, na nisikufiche, kwa miaka miwili iliyofuata niliogopa kila somo la historia.

Tukahamia Buffalo, jimbo la New York. Baba mdogo alimpatia baba kazi pamoja naye kiwandani Tonawanda, na sisi tukafuata na masufuria yetu na uongo wangu. Siku moja ya mwaka ule wa kwanza, tukiwa tunakula, baba mdogo akasema hivihivi tu, huku anamega bugali, kwamba kazini kwake yuko mama mmoja anayeendesha foklifti ya kuinulia mizigo, Mseneka. "Benye inchi ya zamani," akasema. "Bako bengi huku. Bako na inchi yao hapa karibu."

Tonge la Koko likabaki hewani. Akanigeukia. "Na wewe uliniambia nini?"

Nikalia kabla ya kusema lolote. Nilisema yote: kwamba sikuuliza, kwamba niliogopa kuchekwa, kwamba mwalimu hakusema hivyo hata kidogo. Baba akaweka kijiko chini, nami nikajua leo ni leo. Lakini Koko alikuwa ameinua mikono yote miwili juu. "Bako bazima!" alipiga kelele. "Bazima! Mungu wangu, niliomboleza batu bazima!" Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akakauka uso, akaninyooshea kidole. "Jumamosi utanipeleka. Na utatafsiri yote, hata uongo yako."

Jumamosi baba mdogo akatupeleka kwa gari. Koko alivaa kitenge cha kanisani, kwapani chupa ya chai iliyojaa maziwa aliyoyachemsha mara tatu. Yule mama wa foklifti alitufungulia akiwa na ndala na nywele mbichi. Alituonyesha kiti kizuri. Koko akavua viatu, akakipita kiti, akaketi kwenye kapeti, nami nikaketi kando yake nikitamani ardhi inimeze.

"Muambie," akasema Koko, "tuliingia mu inchi yao bila kupiga hodi. Hatukujua kama kuna kilio. Tunasema poleni."

Nilitafsiri nikiangalia zulia. Nikaeleza ile ramani, nikaeleza kilio cha Whitehall, nikaeleza nilivyowamaliza watu wote kwa sentensi moja kwa sababu ya aibu. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Alikaa chini siku tatu? Kwa ajili yetu?" Akacheka kidogo, akafuta jicho. Akatuambia wale wa Ohio walikuwa makabila mengine, walipelekwa mbali magharibi, na wajukuu zao wako huko mpaka leo, wanalea watoto. Na watu wake mwenyewe walinyang'anywa ardhi hapohapo Buffalo, lakini hawajaenda popote. Akanywa maziwa. Akaomba kikombe cha pili, na Koko akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Ndipo yule mama akauliza, "Na yeye, kwake alitokaje?"

Koko hakuzoea kuulizwa swali hilo bila fomu mezani. Alitaja ng'ombe kwanza, kwa majina yao, mmoja mmoja, jinsi walivyopigwa risasi zizini. Akataja nyumba. Akataja wanawe wawili, kaka zake baba, ambao sikuwa nimewahi kusikia majina yao yakitoka mdomoni mwake. Mimi nilitafsiri, jina kwa jina. Yule mama akashuka kwenye kiti chake, akaja kuketi chini karibu na Koko, akamshika mkono, akasema maneno machache ya Kiingereza.

"Anasema nini?" Koko aliniuliza.

"Anasema pole, Koko. Pole ya watoto wako."

Koko wangu, aliyewapa watu wote pole, hata wenye chai iliyomwagwa, aliinamisha kichwa kwenye bega la mwanamke asiyemjua akalia kama mtoto. Tangu tufike Marekani tulikaribishwa sana, uwanja wa ndege, shuleni, ofisini, kwa tabasamu na mabango. Karibu tulipewa nyingi. Pole hatukuwahi kupewa hata moja, mpaka siku ile.

Koko sasa amelala Buffalo, chini ya theluji aliyoichukia. Yule mama alikuja kwenye kilio chake na akaketi chini pamoja nasi, na maziwa alileta yeye. Ile nyumba ya Whitehall nasikia imepakwa rangi nyingine. Kinachoniuma zaidi ni saa kumi jioni, ninapofungua mlango wangu hapa Louisville na hakuna anayeniuliza leo nimefundisha nini.

Jana nimefika kwenye ile ramani. Nimefuata mishale kwa kidole, kisha kabla kengele haijalia nikafunga kitabu, nikawauliza watoto swali nililoshindwa kuliuliza: wafiwa wako wapi? Msichana mmoja wa nyuma, ambaye tangu muhula uanze hajawahi kufungua mdomo, akanyoosha mkono nusu, akasema taratibu, "Si wako hai?" Hakuna aliyecheka. Nikarudi nyumbani, nikabandika maziwa jikoni, na yalipoanza kupanda nikasema kwa sauti, peke yangu: Koko, leo nimeuliza.